Uzi: Nilivyohamisha tenki la mafuta la Land Rover 109 pikapu, kutoka chini ya siti ya dereva kwenda nyuma

Wakuu habari za leo. Kuna jamaa wawili watatu wameniuliza kuhusu hili tenki na kila mmoja namuelezea nusu nusu, sasa nimeona niandike yote hapa sehemu moja, mwenye 109 au mwenye gari lolote la zamani lenye tenki ndani ya kebini asome taratibu. Ni ndefu, ila ukikosea hii kazi unaungua, kwa hiyo sitafupisha.

Gari ni Land Rover 109 Series III pikapu ya mwaka 1976, injini ya petroli ile 2.25, kabureta ya Zenith. Ilikuwa ya mzee. Amebebea viazi Njombe, mbao Mafinga, maiti, maharusi, kila kitu. Alipofariki gari likakaa chini ya mparachichi miaka minne, mimi nikalichukua nikaanza kulifufua mdogo mdogo hapa Iringa.

Kwa wasiolijua hili gari, tenki la 109 pikapu liko chini ya siti ya mbele upande wa kulia, yaani kwa gari letu la usukani wa kulia dereva amekalia mafuta. Lita 45 hivi, galoni 10 za Muingereza. Linaning'inia kwenye mikono ya chesisi inayotoka pembeni, kati ya chesisi yenyewe na ubavu wa gari, juu yake kuna lile boksi la bati la siti na juu ya boksi kuna mto unaokalia. Basi. Kati yako na petroli kuna bati jembamba na sponji.

Mzee alikuwa anaendesha kioo kikiwa wazi siku zote, hata Makambako mwezi wa sita ule ubaridi unaokata masikio, sisi watoto tulikuwa tunajua ndivyo anavyopenda. Nilipoanza kuliendesha mimi ndo nikaelewa. Ile harufu ya wese ilikuwa inakaa kwenye nguo, nikirudi nyumbani mke wangu anajua nimetoka kwenye lile gari kabla sijafungua mlango. Mama yangu alipanda mara moja tu kutoka mjini mpaka Kalenga, pale si mbali kabisa, akashuka anatapika.

Nikafungua. Nikatoa mto, nikainua kile kifuniko cha boksi, halafu bolti. Aisee bolti za chuma zilizokaa ndani ya alumini zaidi ya miaka 40 zinashikana kama zimechomelewa, nilizilowesha dizeli usiku kucha na bado nne zilikatika. Tenki liliposhuka lilishuka na udongo wake, udongo mwekundu umekauka umekuwa tofali kati ya tenki na mkono wa chesisi, nikaugonga na bisibisi ukatoka kipande kizima chenye umbo la kona ya tenki. Hapo chini yake bati lilikuwa linamenyuka kama ganda la kitunguu. Nikaweka mafuta ya taa lita tano ndani ya tenki nikaliinua juu ya matofali mawili, nikalala chali kuangalia. Vitone vilikuwa vinatoka sehemu saba au nane, havidondoki, vinajaa tu polepole vinakuwa kama jasho. Yaani ndo maana hujawahi kuona mafuta chini ya gari, yanakauka kabla hayajadondoka na mvuke wake unapanda kwenye boksi la siti unaingia kebini.

Sasa hapa nisikilizeni vizuri. Nilipeleka lile tenki kwa fundi mmoja wa kuchomelea kwa gesi, akalinusa, akalitikisa, akasema liko tupu, subiri dakika kumi tulizibe. Nikamnyang'anya. Tenki tupu ni baya kuliko tenki lililojaa, kwa sababu kinacholipuka ni mvuke uliochanganyika na hewa, petroli yenyewe ikiwa imejaa haina hewa ya kuwakia. Mvuke wa petroli unawaka ukiwa hata asilimia moja na nusu tu ya hewa iliyomo, na kutu ya ndani imenyonya mafuta kama sifongo, utaliosha leo utaliacha wazi wiki nzima, siku unaweka moto ile kutu inaanza kupumua tena. Mafundi wanasema "nimechomelea mengi mkuu" ni kweli, wale ambao tenki la mwisho liliwakataa hawapo hapa kutusimulia. Kama lazima lizibwe lisafishwe kwa maji ya moto na sabuni mara kadhaa halafu lijazwe maji mpaka karibu na tundu, tena kwa mtu anayejua. Mimi sikutaka hata hiyo. Tenki limeoza chini lote, ukiziba nane yanatoka mengine kumi.

Nikawa na njia mbili, kununua tenki jipya lile lile nirudishe pale pale, au kulitoa kabisa kebini. Nikaamua kulitoa, na sababu siyo harufu tu. Pale lilipo liko nje ya chesisi. Mtu akikugonga ubavuni upande wa dereva, kinachoanza ni bati la alumini, halafu tenki, halafu ndo chesisi, maana yake tenki linabanwa katikati kama embe mlangoni. Wamarekani walishapita hapo. Pikapu zao nyingi mpaka mwaka 1972 zilikuwa na tenki ndani ya kebini nyuma ya siti, mwaka 1973 GM (General Motors) wakalihamisha wakaliweka pembeni nje ya chesisi, wakatengeneza hivyo mpaka 1987, ikaja kuwa kesi kubwa ya moto kwenye ajali za ubavuni na mwaka 1994 ikaisha kwa GM kukubali kutoa zaidi ya dola milioni 51 kwenye programu za usalama. Kwa hiyo kuhamisha tu haitoshi, unahamishia wapi.

Jibu kwenye 109 lipo tayari. Land Rover wenyewe kwenye 109 stesheni wagon, ile ya kubeba abiria, waliliweka tenki nyuma, katikati ya reli mbili za chesisi, kati ya difu (lile boksi la gia la eksili ya nyuma) na ule mtambuka wa mwisho, yaani chuma kinachounganisha reli mbili nyuma kabisa. Lita 73. Injini ile ile, pampu ile ile ya mafuta ya kuendeshwa na kemshafti. Hii ilinipa moyo sana maana watu walikuwa wananiambia ile pampu haiwezi kuvuta kutoka nyuma mpaka utafute pampu ya umeme. Kama kiwanda kilivuta na gari likatembea nchi nzima, na mimi nitavuta.

Nikaagiza tenki jipya la stesheni wagon kutoka Uingereza, vipuri vya Series kule bado vinatengenezwa. Kuna watu walinishauri nitengenezewe la bati hapa hapa na siwapingi, kuna mafundi wazuri, ila hakikisheni wanaweka kuta za ndani zenye matundu, bila hizo kuta mafuta yanayumba kwenye kona na kwenye breki yote yanakimbilia mbele, lita 73 ni kama kilo 54 za petroli zinazotembea ndani ya gari.

Chesisi yangu ya pikapu haikuwa na vishikio vya tenki la nyuma. Hapa ndo penye kazi. Nilitengeneza vishikio vya engo nikavifunga kwa bolti, sikutaka kuchomelea kwenye chesisi. Na kutoboa chesisi kuna adabu yake, usitoboe juu wala chini ya reli, toboa ubavuni katikati ya kimo chake, na kwa kuwa chesisi ya 109 ni boksi lenye uwazi ndani, bolti ikipita pande zote mbili ukakaza itakunja kuta zote mbili ziingie ndani. Weka kipande cha bomba ndani, urefu sawasawa na upana wa boksi, bolti ipite katikati ya bomba, hapo unakaza mpaka mwisho na hakuna kinachokunjika. Mikanda ya chuma milimita tatu, kati ya mkanda na tenki raba nene, siyo tairi bovu la ndani, raba isiyolainika na mafuta. Tenki likisugua chuma kwa chuma kwenye njia zetu hizi mwaka mmoja limetoboka.

Kabla sijakaza moja kwa moja nikapakia mawe. Nilijaza bodi mawe mpaka springi zikanyooka, nikaweka jeki upande mmoja wa eksili nikapandisha mpaka ikagonga raba ya mwisho inayoizuia isipande zaidi, halafu nikaingia chini na tochi kupima difu liko umbali gani na tenki. Vidole vinne. Upande wa pili vidole vinne na nusu. Gari likiwa tupu kwenye gereji kila kitu kinaonekana kiko mbali, likibeba gunia 15 likaruka tuta mambo yanakutana huko chini, kwa hiyo msipime likiwa tupu.

Shingo la kujazia nilikata kwanza kwa boksi la karatasi nikajaribu mara tatu nne ndo nikatoboa ubavu wa bodi. Alumini inakatika vizuri, ila ukikosea kuirudisha ni kazi. Nikapaka rangi pembeni ya tundu na kuweka raba, chuma na alumini vikigusana na maji yakapita alumini inaoza unga mweupe.

Na hapa nikakosea. Nilitaka shingo likae chini chini lisionekane, likawa limelala sana. Nimeenda sheli siku ya kwanza, yule binti akaweka lita mbili pampu ikakata, akaweka tena lita moja ikakata, foleni nyuma inapiga honi, ilichukua karibu dakika ishirini kuweka lita thelathini. Mafuta yakiingia hewa lazima itoke, na kama shingo limelala hewa inatokea njia ile ile ya mafuta inayarudisha usoni kwa pampu. Nikarudi nikapandisha shingo juu sentimita 12 na nikaongeza mpira wa hewa wa milimita 14 kutoka juu ya tenki kurudi karibu na mdomo wa shingo. Sasa linajaa bila kukata hata mara moja.

Bomba la mafuta milimita nane, nimelipitisha ubavu wa ndani wa reli ya chesisi, upande ambao egzosi haipiti, klipu kila baada ya shibiri mbili, na filta nimeiweka sehemu ninayoiona nikiinama. Mipira ni ile iliyoandikwa ya petroli. Ile mipira myeupe ya kuonyesha ndani msiweke wakuu, inakauka inapasuka kama njiti.

Geji ilinitesa siku mbili. Washa swichi, mshale haugeuki kabisa. Nikafikiri floti mbovu, kile kipimo cha mafuta kinachoelea ndani ya tenki, nikatoa floti nikaishika mkononi nikaigusisha kwenye bodi, mshale ukapanda. Nikairudisha, ukafa. Kumbe tenki limekaa juu ya raba na limepakwa rangi, halina ethi, yaani umeme hauna njia ya kurudi kwenye chesisi. Waya mmoja mweusi kutoka skrubu ya floti mpaka chesisi, mahali nilipokwangua mpaka chuma cheupe, geji ikafufuka. Na huo waya siyo wa geji tu, unasaidia tenki lisibaki na umeme wa msuguano wakati wa kujaza mafuta. Floti iwe ya tenki la nyuma, ya chini ya siti ina mkono tofauti itakudanganya.

Sasa safari ya kwanza. Nilienda Ruaha Mbuyuni kubeba vitunguu. Kwenda hakuna shida, Ilula nimepita, mlima Kitonga nimeshuka kwa gia ya pili taratibu. Kurudi na mzigo, katikati ya Kitonga, gari likaanza kukohoa. Nikashusha gia, likavuta kidogo, likakohoa, likazima. Pale hakuna bega la barabara la maana, malori yanapanda nyuma yako yananguruma, mdogo wangu akaruka na mawe mawili akaweka kwenye matairi ya nyuma. Nikafungua boneti, kile kikombe cha kioo cha pampu hakina mafuta. Moja kwa moja nikasema ni pampu, wale jamaa walikuwa sahihi. Nikampa mdogo wangu funguo achungulie tenki kama mafuta yapo.

Alipolegeza mfuniko tu nikasikia nikiwa mbele kwenye boneti. Fyuuuuu. Kama tairi, ila hewa ilikuwa inaingia.

Mfuniko niliokuwa nimeununua ni ule usiopumua, na ule mpira wa hewa niliouweka unarudi kwenye shingo lile lile lililofungwa na mfuniko ule ule. Pampu inavuta mafuta, nafasi yake haijazwi na hewa, tenki linanyonya kuelekea ndani mpaka pampu inashindwa. Kwenye tambarare injini inakunywa kidogo kidogo sikuona, Kitonga na mzigo inakunywa mara mbili tatu yake. Tulipanda kile kilima mfuniko ukiwa umelegezwa na kitambaa kimefungwa juu yake, harufu kila kona, na sitaki mtu mwingine apande hivyo.

Kwa hiyo, kwenye kuhamisha tenki watu wanafikiria bolti na mikanda, fikirieni hewa kwanza. Inahitajika njia ya hewa ya kutoka wakati wa kujaza, na njia nyingine ya hewa ya kuingia wakati wa kutembea, na ni mambo mawili tofauti. Nimeweka kibomba chembamba juu kabisa ya tenki, kinapanda ndani ya ukuta wa bodi mpaka usawa wa juu kuliko mdomo wa shingo, kinakunja kinashuka chini nje ya kebini, na katikati kina valvu ndogo inayojifunga gari likipinduka. Kimepanda juu ili gari likiinama kilimani mafuta yasitoke, na mdomo unaangalia chini ili maji na vumbi visiingie.

MREJESHO, baada ya wiki tatu:

Mkuu uliyeuliza kuhusu dizeli, kazi ni ile ile ila usisahau bomba la pili la kurudisha mafuta kutoka kwenye nozeli, lazima lirudi kwenye tenki jipya. Kuna mtu alihamisha akaacha la kurudisha limeelekea tenki la zamani, mafuta yakawa yanahama yenyewe mpaka la nyuma likakauka.

Uliyeuliza kuhusu kubaki na matenki yote mawili, inawezekana na kuna koki ya kuchagua, lakini kama sababu yako ni harufu na usalama basi la chini ya siti ondoa. Kama limeoza usiliache pale hata tupu, nimeshaeleza tupu ni nini.

Kaka mwenye Land Cruiser FJ40 yenye tenki chini ya siti ya abiria, sijaigusa hiyo kwa mikono yangu kwa hiyo vipimo sitakupa. Kuhusu hewa, ethi na kupima ukiwa na mzigo, hayo ni yale yale.

Na uliyetaka kuweka injini yenye EFI, yaani inayopuliza mafuta kwa umeme bila kabureta, pampu ya kwenye block (ile inayoendeshwa na injini) sahau, ile inasukuma kidogo sana, kabureta inatosheka. EFI nyingi zinataka kama bar tatu, weka pampu ya umeme ndani ya tenki na mipira inayohimili hiyo presha, na kama unanunua tenki leo nunua kabisa lenye nafasi ya pampu, usije kulitoa mara ya pili.

Kuhusu kugongwa nyuma, ni swali zuri na nililiwaza sana. Tenki limelala ndani ya reli mbili na mtambuka wa nyuma uko kati yake na atakayekugonga. Chini nimeongeza bati la milimita tatu kwa ajili ya mawe, lenye matundu ili tope lisikae. Kila nikiosha gari napuliza maji pale juu ya tenki, ile tofali ya udongo niliyoitoa sijaisahau.

MREJESHO wa pili:

Jumapili iliyopita nimempeleka mama Njombe kwa dada yake. Asubuhi ilikuwa na ukungu na baridi kali tangu Makambako. Alipandisha kioo mwenyewe mpaka juu, akajifunika kitenge, akalala mpaka tunaingia mjini. Boksi la siti nimeweka jeki na spana za mzee.

Picha za vishikio na lile bomba la ndani ya chesisi nitazipandisha kesho nikipata bando, mwenye vipimo vya pikapu yenye chesisi ya kabla ya Series III aweke hapa chini tulinganishe.